Hatua Nne Kutoka kwenye Miyenzi

Mimi ni mwoga. Bora niseme mapema, maana watu wakisikia mpiga picha anayezunguka maporini wanafikiri nina moyo wa simba. Wapi! Viboko wa Rusizi nimewapiga picha nikiwa ndani ya gari, kioo kimeshushwa vidole viwili, huku dereva ananicheka mpaka anafuta machozi. Radi ikimulika upande wa Kongo, mimi nimeshakunja stendi ya kamera na kuifunga. Askari akinitazama mara moja karibu na daraja, natoa kitambulisho kabla hajafungua kinywa. Nafika kila mahali mapema kwa woga wa kuchelewa, kisha nasimama pale nikiogopa kwamba nimewahi mno.

Kazi yenyewe inayonilisha iko Buyenzi, mtaa wa chini mjini, chumba kimoja kilichobanwa na gereji mbili. Picha za pasipoti, maharusi, watoto wanaotahiriwa, na marehemu ambao familia wanataka wakuzwe na kuwekwa kwenye fremu. Nyundo zinagonga bodi za magari kutwa, na mteja akikaa kwenye kiti namwambia, "Usipepese macho hata wakigonga." Anapepesa tu.

Porini nilipelekwa na kalenda. Jirani mmoja mwenye mashine ya kuchapa alitaka kalenda ya majira, nchi yetu inavyobadilika sura: impeshi, yaani kiangazi kirefu cha katikati ya mwaka, mvua za kwanza, lile jua fupi la mwisho wa mwaka, na masika yenyewe. Nikampeleka picha za ziwa, za vilima vinavyochomwa moto Agosti, za ufuo ambako nilikuwa nikiwapiga picha maharusi mpaka maji yalipopanda yakaumeza, na sasa miti yake imesimama ndani ya maji mpaka kiunoni. Zote alizitazama kwa adabu tu. Iliyomshika ni moja, niliyoipiga kwa bahati nyuma ya nyumba ya shangazi yangu, mtaa wa Gihosha, kilimani.

"Hii," alisema. "Pahali hapa hapa, kila majira, kila mwaka. Lakini sitaki kivuli. Kivuli kwenye kalenda kinaleta huzuni. Mutu akiamuka asubui anataka kuona jua."

Shangazi ni dada mkubwa wa baba. Alizaliwa Buyenzi kama sisi wote, akaolewa na fundi mwashi, wakapanda kilimani wakajenga, matofali mawili mawili, kwa miaka mingi. Mume alifariki nyumba ikiwa imebaki kupakwa chokaa tu. Mtoto hawakujaliwa. Nyumba ndiyo aliyoilea. Mbele yake kuna barabara na majirani. Nyuma kuna uwanja wa majani, halafu ua wa miyenzi, halafu ukanda mwembamba wa majani tena, upana wa mikeka miwili, na hapo nchi inakwisha. Chini, mbali sana chini, unapita mto Ntahangwa.

Wasioujua mto huo nawaambia: wakati wa impeshi mtoto anauvuka bila kulowesha magoti. Masika yakifika unateremka mwekundu, unabeba mawe makubwa kama mafriji, na usiposikia redio yako ujue ni wenyewe unaopiga kelele. Na kila mwaka unakula kingo zake. Nyumba za watu zimetumbukia humo, jiko leo, choo kesho.

Basi kutoka pale nyuma ya nyumba, juu ya ule ua, unaona mabati ya mji wote, ziwa, na milima ya Kongo ng'ambo. Julai milima haipo, vumbi na moshi vimeifuta. Mvua mbili za kwanza zikishapiga, inarudi, imekaribia kiasi kwamba unaona mabonde yake. Niliipenda picha ile, sikatai. Lakini ukingo ule niliuogopa. Nilikuwa nikishuka kwenye basi dogo nasema bismillahi, napita ndani ya nyumba bila hata kunywa chai, natoka nyuma kutazama kama ua upo.

Ulikuwepo kila mara, wa kijani na umekatwa vizuri. Miyenzi ni mti mwepesi kushika: unakata kijiti, unakichomeka ardhini, mvua moja tu nacho kimekuwa mti. Ila utomvu wake mweupe ukiingia jichoni utajuta. Nami macho ndiyo ugali wangu, kwa hiyo sikuwahi hata kuugusa.

Namna yangu ya kazi ilikuwa moja. Saa mbili asubuhi. Lenzi ile ile. Stendi usawa wa kifua. Hatua nne kutoka kwenye miyenzi, mgongo kwa nyumba. Nilipima kutoka kwenye ua kwa sababu ua ulikuwa ndani ya picha, na ukitaka picha kumi na mbili zifanane, kitu kilicho mbele lazima kibaki na ukubwa ule ule. Kilicho nyuma ya mgongo wa mpiga picha hakimhusu. Ndivyo nilivyofundishwa, na ndivyo nilivyowafundisha wengine, kwa kujidai kabisa.

Mwaka wa pili, Julai, kikaingia kivuli kidogo chini ya picha, mstari mweusi tu. Nikakasirika. Nikajiambia ni haraka zangu, nimewahi, jua bado liko chini na vivuli ni virefu. Nikakata ile sehemu ya chini kwenye kompyuta, nikampelekea mwenye kalenda picha safi yenye jua. Mwaka wa tatu kivuli kilikuwa kikubwa zaidi. Nikakikata nacho. Kukata ni kazi ya dakika moja.

Zile picha zilizokatwa nilikuwa nikimchapishia shangazi pia. Alizipanga ukutani sebuleni, chini ya picha ya marehemu mume wake. Wageni wakija anawaonyesha: "Tazama, huu ni mwaka ule, huu ni mwaka huu. Mutoto wa kaka yangu amepiga. Iko sawasawa."

Nami nilizitazama nikiwa nyumbani kwangu mvua inaponyesha. Nilihesabu: ua, mikeka miwili ya majani, kisha hewa. Mwaka wa kwanza mikeka miwili, mwaka wa tatu mikeka miwili. Nilishusha pumzi. Nakuambia ukweli, kwa miaka mitatu zile picha zilikuwa dawa yangu ya usingizi.

Januari jiko la jirani yake lilitumbukia. Nyumba ya tatu tu kutoka kwake. Kaka zangu wawili wakaitisha kikao Ngagara, kwa kaka mkubwa, wakasema shangazi ahame kabla masika hayajaanza. Chumba kimeshatayarishwa, kitanda kimenunuliwa. Kaka mkubwa ni mtu wa ofisi, anaongea kama anasoma barua. "Shangazi," alisema, "usipoziba ufa utajenga ukuta."

"Ukuta wa nani?" Shangazi alimrudishia. "Ule ni udongo wa Mungu, mi nitauziba na nini? Na hapa Ngagara nitakuwa nani? Mi nitakuwa bibi wa chumba cha nyuma, anayeulizwa kama amekula." Kisha akanigeukia. "Onyesha zile foto."

Nilikuwa nimezibeba, aliniagiza. Nikazipanga mezani, Julai tatu kwa mstari, na masika matatu chini yake. Nikaweka kidole kwenye ua, nikaweka kidole kwenye ukingo. Nikawaonyesha ile mikeka miwili. Na mdomo wangu huu, ambao hautulii, ukasema, "Watu wanasema uongo. Picha haisemi uongo."

Kaka mkubwa alizitazama sana, akavua miwani, akasema basi abaki. Yeye ni mtu wa ushahidi. Kikao kikaisha kwa chai na sambusa, na chini ya meza shangazi aliushika mkono wangu akauminya kwa nguvu, hakuniangalia. Nilifikiri ni furaha. Nilijisikia mkubwa siku ile, mimi mwoga, kwamba nimemwokoa mtu kwa kazi yangu.

Masika yalikuja na hasira. Aprili, siku moja mchana, kati ya mvua na mvua, mwenye hoteli moja ya kando ya ziwa aliniletea kazi: anataka picha ile ya Gihosha, ndefu ya kusimama, ipande ukuta wote wa mapokezi. Zile zilizokatwa zilikuwa fupi, hazikufaa. Nikafungua zile nzima, kama zilivyotoka kwenye kamera, ambazo nilikuwa sijazitazama tangu nizikate. Nikaziweka tatu kwa mstari nichague: Julai, Julai, Julai.

Ya kwanza, majani yote ya chini yalikuwa juani. Ya pili, mstari mweusi chini. Ya tatu, kivuli kimepanda majani yote mpaka kwenye ua, na juu ya miyenzi kabisa kimekaa kivuli cha duara, mviringo kama sinia.

Nilikijua kile kivuli. Ni parabole, lile sinia la televisheni lililo juu ya bati la shangazi. Mume wake ndiye aliyelipandisha.

Nikatafuta saa. Kamera huandika saa, haina haraka wala woga. Saa mbili na dakika tano. Saa mbili na dakika tatu. Saa mbili na dakika tano. Mwezi ule ule, saa ile ile, jua lile lile, nyumba ile ile. Kivuli cha nyumba hakirefuki kwa hiari yake. Kama mwaka wa kwanza kiliishia nyuma yangu, na mwaka wa tatu kinapanda juu ya ua, basi si kivuli kilichotembea. Ua ndio uliotembea. Na mimi, na hatua zangu nne, nilikuwa nikiufuata.

Mama wee! Nilisimama kiti kikaanguka. Fundi wa gereji akachungulia kuuliza kama ni umeme umenipiga. Nilimpigia shangazi simu, haipatikani. Nikapiga tena. Nikatoka na kamera begani, sijui kwa nini, naibeba hata msibani. Teksi hakuna, mafuta yalikuwa hayajaonekana mjini wiki nzima, foleni za magari zimelala mbele ya vituo. Nikaenda kwa miguu. Kutoka Buyenzi mpaka Gihosha, mwanamke wa umri wangu, kwenye kilima, mvua inaanza upya. Njia nzima nilikuwa nazungumza peke yangu. Nilimtukana mwenye kalenda na vivuli vyake, nikawatukana kaka zangu kwa kuniamini, kisha nikajitukana mimi, hapo ndipo matusi yalipopata mwenyewe.

Mlango wa mbele ulikuwa wazi. Sikubisha hodi. Nikapita sebuleni, nikapita chini ya zile picha zangu safi zenye jua, nikatoka nyuma.

Shangazi alikuwa amepiga magoti kwenye matope, kanga kichwani, panga mkononi. Pembeni yake beseni limejaa vijiti vya miyenzi vilivyokatwa urefu mmoja, na utomvu wao unatoka mweupe. Alikuwa anavichomeka kimoja kimoja kwa mstari, anakaza udongo kwa kiganja. Ua wa zamani ulikuwa umeinama nusu yake kuelekea hewani. Nusu nyingine haikuwepo.

Nikahesabu kwa miguu yangu kutoka mlango wa nyuma mpaka ule mstari mpya. Hatua sita. Miaka mitatu nilikuwa sijawahi kuhesabu upande ule.

"We umeloa," alisema. "Ingia ndani, kuna chai."

"Shangazi! Unaufanya nini ua?"

"Kwani we uko naona nini? Napanda."

"Unausogeza! Kila mwaka unausogeza! Nami nimekaa mbele ya watu nikaapa..."

Aliinuka polepole, akajifuta mikono kwenye kanga. Alikuwa amenishangaa kweli, si mshangao wa kuigiza.

"Mi nilifikiri unajua," alisema.

"Ningejuaje?"

"We ndiye mwenye jicho. Uliniletea foto ya kwanza, nikaona nyasi yote mpaka chini. Ukaniletea ya pili, imekatwa chini. Nikasema, eeh, mutoto ameona kivuli cha nyumba, amekikata ili kaka zake wasione." Akanitazama. "Nikasema, huyu ananipenda. Huyu peke yake ndiye anajua mi siwezi kutoka hapa."

Mvua ilikuwa inanipiga usoni na sikuifuta. Ule mkono aliouminya chini ya meza Ngagara nikauhisi upya, na safari hii uliniuma. Miaka yote hiyo alikuwa akiishi na mwenzake ndani ya siri, na mwenzake hayupo.

"Nilikata kwa sababu mtu wa kalenda hapendi vivuli," nikasema. "Basi. Ni hilo tu."

Akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyejikwaa mbele za watu. "Karabaye," alisema, neno letu la hapa la kusema mambo yameshaharibika. Chini yetu mto ulikuwa unasaga mawe, nilisikia miguuni kabla ya kusikia masikioni.

Nikamwambia tuondoke sasa hivi. Nikamwambia kwa upole, nikamwambia kwa ukali, nikamkumbusha kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Alitikisa kichwa. Kesho, alisema. Keshokutwa. Mvua ikipungua. Kisha akasema: "Miaka yote umepiga foto za kule," akaonyesha ziwa kwa kidevu. "Nyumba yangu ujawahi kuipiga hata moja. Umeigeuzia mugongo. Nipigie moja, nzima, na mi nikiwa mulangoni. Halafu tutaongea."

Ilikuwa kweli. Nilitoa kamera, nikaifunika na shungi langu. Shangazi akaenda akasimama mlangoni, akafunga kanga upya, akaweka mikono tumboni kama wanavyofanya wanawake wa umri wake mbele ya kamera. Nikasimama kwenye mstari wa vijiti vipya na kuweka jicho.

Nyumba haikuingia. Hatua sita ni karibu mno. Bati lilikatika, parabole haikuonekana kabisa, na hiyo ndiyo niliyoitaka. Basi nikafanya kile ambacho kila mpiga picha duniani anafanya bila kufikiri, kile nilichofanya kwenye harusi mia: nikarudi nyuma hatua moja, jicho kwenye kamera. Nikapita kati ya vijiti viwili. Parabole bado haikuingia. Nikarudi ya pili.

Mimi mwoga! Mimi ninayeshusha kioo vidole viwili!

Kwenye kamera nikaona uso wa shangazi unabadilika. Mikono ikatoka tumboni. Mdomo ukafunguka. Akaja mbio, mama wa miaka sabini na kitu, ndala zikabaki mlangoni, anapiga kelele, "Apana! Apana! Usirudi!" na kidole changu kikabonyeza chenyewe. Alinidaka kwa mkanda wa kamera, akanivuta shingo kama mbuzi, tukaanguka wote juu ya vijiti vyake. Nyuma yangu nilisikia kitu kinaachia, sauti ndogo tu, kama gunia linalotuliwa chini. Nilipogeuka, mahali kisigino changu kilipokuwa palikuwa hakuna kitu.

Tulikaa kwenye matope. Utomvu ulikuwa umenirukia shavuni, yeye akaufuta haraka kwa kanga yake, mbali na jicho, anaomba istighfari kwa sauti ya chini. Sijawahi kumsikia hivyo, hata siku ya kumzika mumewe.

"Mi nilikuwa nasema ni mi peke yangu," alisema. "Nikienda, naenda mi."

Kisha akasema, "Piga simu kwa kaka zako. Waambie waje na gari. Leo, si kesho."

Walikuja kabla ya magharibi, na mafuta waliyoomba kwa watu. Alitoka na msahafu, godoro, picha ya mumewe, na masufuria. Zile picha zangu hakuzitoa ukutani, wala mimi sikuzitoa. Wiki ya pili jiko lake lilikwenda, mwezi wa Mei mto ukachukua ukuta wa nyuma. Kaka mkubwa hakuniuliza kitu. Nilikwenda mwenyewe Ngagara, nikazipanga zile nzima juu ya meza ile ile, nikamwonyesha kivuli cha parabole mwaka kwa mwaka, nikamweleza nilichofanya. Alivua miwani tena. Alisema, "Sasa ungeniambia nini kama angekufa?"

Shangazi yuko chumba cha nyuma, na kweli wanamwuliza kama amekula. Analalamika, hasa kwangu. Mimi sasa kwenye harusi nageuka kutazama nyuma kabla ya kila hatua, na maharusi wananicheka.

Picha ya nyumba ninayo. Haikutoka vizuri, imetikisika. Bati limekatika, parabole haimo, mlango uko wazi na hakuna mtu ndani yake. Karibu, mbele kabisa, yupo shangazi, miguu mitupu, mdomo wazi, mkono umenyooshwa kwangu, mkubwa kuliko nyumba. Chini kuna matope na kijiti kimoja cha miyenzi. Alitaka nimchapishie, nikamchapishia nzima.